Lawama ya Maji ya Birika

Mwezi uliopita nilipanda Newala kumzika mwalimu wangu wa shule ya msingi, na nimerudi Masasi na hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Nakusimulia wewe kwa sababu nawe uliwahi kuwa mtoto mahali fulani, utanielewa. Usiniambie tu kwamba marehemu hasemwi vibaya. Nimeshaambiwa hivyo na watu wa kunitosha.

Mambo yalianza hata jeneza halijafika. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki nje ya kanisa la kijiji chetu. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mama yake ndiyo kwanza alikuwa anajifunza a-e-i-o-u sisi tulipokuwa darasa la sita, akamwonyesha mwenzake birika la saruji lililopasuka kando ya kanisa. "Hilo ndilo la yule bibi aliyewatilia sumu watoto," akasema, hivihivi tu, kama anayemwelekeza mtu choo kilipo.

Yule bibi ni bibi yangu mzaa mama. Muda si mrefu tukaingia kanisani, wakasoma wasifu wa marehemu. Mwalimu mpenda haki, wakasema. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Kama hujawahi kuishi kule juu kwenye uwanda wa Makonde, bado hujajua maji ni nini. Mchanga ni mwekundu, mikorosho inaota kwa raha zake, muhogo haukatai, lakini mto huuoni. Maji yako chini bondeni. Enzi zetu wanawake walishuka mteremko alfajiri na kupanda nao jua likiwa limeshawaka, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Ndoo hiyo moja ilikuwa ya kupikia, ya kunywa na ya kunawa uso. Mtoto aliyemwaga kikombe cha maji alichapwa kuliko aliyevunja sahani. Mvua ikianza, kila nyumba ilipanga vyombo chini ya ukingo wa paa, masufuria, mabeseni, hata makopo ya maziwa, na sisi watoto tulikimbia huku na huko kubadilisha kilichojaa. Nikisikia tone la maji likigonga bati leo, hamu ya ming'oko ya kuchemsha na chumvi inanijia palepale, kwa sababu ndicho chakula tulichokula siku za mvua, tumejikunyata jikoni tukimenya mizizi hiyo kwa meno.

Birika kubwa lilikuwa moja tu, la kanisa. Wamisionari walilijenga zamani, likawa linakinga maji ya paa la bati la kanisa kupitia mfereji mrefu wa bati. Bibi alikuwa mtumishi wa kanisa. Alifua vitambaa vya madhabahu, alifagia, na ndiye aliyeshika ufunguo. Ufunguo mmoja ulifungua kifuniko cha birika na pia mnyororo ulioshikilia mfereji, maana mfereji ule uligeuzwa: ukiusukuma huku maji yanaingia birikani, ukiusukuma kule yanamwagika chini. Aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake, na vyote viwili alioga navyo.

Na alikuwa na sheria. Mvua ya kwanza ni ya paa. Ndivyo alivyosema kila mwaka, na hakuna aliyembishia. Mvua ya kwanza inaosha vumbi la kiangazi kizima, kinyesi cha ndege, majani, mijusi iliyokauka. Ilimwagwa yote chini, hata kama midomo yetu imepasuka kwa kiu. Ya pili aliionja kwa kiganja, akakunja uso, akaamua. Mara nyingi ya tatu ndiyo iliyoingia. Maji hayo hayakuwa ya kila mtu kuchota atakavyo. Yalikuwa ya mgonjwa, ya mzazi aliyejifungua, na ya uji wa shule. Uji ule wa mtama, mzito, wenye moshi kidogo, ndio uliotupeleka shule wengi wetu, tusidanganyane.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara ya watu binafsi. Kabla yake tulikuwa tumefulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na baba zangu wadogo walikuwa na suruali moja ya kupokezana. Ghafla duka la kijiji likanuka sabuni za rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na watu tuliokuwa hatuwajui wakaja na malori yao wenyewe. Mmoja wao tulimwita Tajiri. Alileta salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Mikorosho yetu ilikuwa imeugua miaka mingi, maua yakinyauka kabla ya kuzaa. Yule mtu alipokelewa kama nabii, na sisemi kwamba salfa haikufanya kazi. Ilifanya.

Ila alihitaji mahali pakavu pa kuiweka. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wa kanisa wakampa ukumbi wa zamani, hatua chache kutoka kanisani. Magunia mengine yalikuwa yameshika unyevu, salfa imegandana, kwa hiyo vibarua wake wakawa wanaimwaga kwenye maturubai uwanjani, wanaiponda, wanaichekecha. Upepo wa kule juu unaujua? Msimu mzima vumbi la njano lilipanda na kutua juu ya paa la kanisa. Macho yalituwasha, kanisa likanuka kama kiberiti kilichotoka kuwashwa, na bati likabadilika rangi.

Bibi alikwenda kwa mwenyekiti mara tatu. Nilikuwa naye mara ya mwisho. Alipiga goti kidogo kwa adabu, yeye mkubwa kwa umri, akasema, "Mwanangu, salfa na maji havikai uwanja mmoja. Siku moja mtayanywa haya."

Mwenyekiti akacheka. "Bibi, dunia imebadilika. Siku hizi ruksa. Hata kanisani imefika."

Kumbuka hayo maneno ya Bibi. Yalikuja kumponza.

Sasa mwalimu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mtu alijua kufundisha. Alikuwa kijana kutoka upande wa Tandahimba, ameoa kijijini kwetu na kuhamia kwa mkewe kama mila yetu inavyotaka. Ndiye pekee aliyeweza kufundisha Kiingereza bila kusoma kutoka kwenye kitabu. Alikuwa na kamusi kuukuu iliyoliwa na mchwa kuanzia mwisho, kwa hiyo maneno yetu mengi yalikuwa ya herufi za mwanzo. Kila Ijumaa alichagua neno moja akalieleza mpaka tukaliona linatembea darasani.

Ijumaa moja aliandika ubaoni: culpable. Tulilisoma kwa pamoja, ulimi ukitukwama. Akasema maana yake ni mtu anayestahili lawama. Kisha akaweka chaki chini, na alipoweka chaki chini tulijua yanakuja mazuri. Akasema neno hili limesafiri. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na lilipofika lilikuwa limedondosha herufi moja njiani. Baadaye wasomi wakairudisha, kwa sababu walijua asili yake. Wafaransa nao walilirithi kutoka Kilatini, na kwa Kilatini kosa linaitwa culpa. Wamisionari waliomsomesha yeye walilitamka wakijipiga kifua mara tatu wanapoungama. Akajipiga kifua, nasi tukajipiga, madawati yakicheza.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Kulaumiwa si kitu. Mtu yeyote anaweza kulaumiwa, ni kazi ya midomo ya watu. Lakini kustahili lawama ni kazi ya mikono yako mwenyewe. Mjinga haoni tofauti. Nyinyi msiwe wajinga."

Nilimpenda siku ile kuliko baba yangu. Wiki nzima tulifukuzana uwanjani tukiitana neno lile, na aliyeshikwa alijipiga kifua. Nilikwenda kumweleza Bibi, akanisikiliza akichambua mbaazi, akasema, "Mwalimu wenu ana akili. Mshike sana huyo."

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Birika lilibaki na matope, uji wa shule ukasimama. Mama yangu alikuwa mjamzito, miguu imevimba, akapelekwa Masasi, hospitali ya Mkomaindo. Baba alikuwa kazini Mtwara, hivyo Bibi ndiye aliyefuatana naye, wamepanda juu ya lori la magunia. Mimi niliachwa kwa jirani yetu, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa rafiki wa mama.

Kabla ya kuondoka Bibi alikwenda kwa mwalimu, nami nimebeba kifurushi chake. Alivua ufunguo shingoni akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mwalimu, nakuachia. Mvua ya kwanza ni ya paa."

"Mvua ya kwanza ni ya paa, Bibi," mwalimu akarudia. "Usiwe na wasiwasi. Kamshike mwanao."

Mvua ilikuja siku ya nne, alasiri, kwa kishindo. Kila mtu alikimbilia kwake kupanga vyombo. Mimi nilikuwa nimetumwa dukani, nikajibanza kwenye baraza ya kanisa. Mwalimu akatokea mbio, daftari kichwani, ameloa chapachapa. Akasimama mbele ya mfereji. Maji yalikuwa yanamwagika chini kwa wingi ambao hatukuuona tangu mwaka uliotangulia, yanachimba mchanga, yanakwenda zake. Alisimama muda. Kisha akafungua mnyororo, akausukuma mfereji, maji yakaingia birikani.

Aligeuka akaniona. "Mwanangu," akasema, "tukiyaacha haya yapotee Mungu atatuuliza. Kesho mnakunywa uji."

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Sikufichi, nilifurahi. Nilikuwa na njaa.

Tulikunywa ule uji siku mbili. Ulikuwa na ladha ya ajabu, lakini mwenye njaa hachagui. Siku ya tatu darasa zima lilikuwa vichakani. Watoto walitapika, matumbo yaliwasokota, wadogo wengine macho yakazama mpaka mama zao wakaanza kulia. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Walipofunua birika, juu ya maji kulikuwa na utando wa njano.

Kosa la namna hiyo, peke yake, ningelisamehe zamani. Mtu ameona maji yanapotea mbele ya watoto wenye njaa, moyo ukamshinda. Hilo ni la kibinadamu. Kilichofuata ndicho kinachoniunguza.

Bibi alirudi na mama na mdogo wangu mchanga, mzima, analia kwa nguvu. Hakupata hata kumwonyesha mtoto kwa majirani. Aliitwa mkutanoni siku hiyohiyo, uwanja wa shule, vumbi la safari bado liko miguuni mwake. Mwenyekiti alisimama akasema kuna mtu alitabiri kwamba watu watakunywa salfa. Alijuaje? Hicho ndicho walichouliza. Bibi aliwaonya mara tatu, na onyo lake likageuzwa ushahidi. Alijuaje? Amenuna tangu salfa iletwe, wakasema. Ufunguo ni wake. Tajiri alisimama na saa yake mkononi, akasema kwa upole kwamba bidhaa yake haiingii birikani yenyewe, lazima kuna mkono. Mtu mmoja akasema Bibi alikuwa Masasi. Mwingine akajibu kwamba wenye mambo yao hawahitaji kuwepo. Nyuma yangu mtu akanong'ona, lisemwalo lipo. Unaona wanavyojua methali watu wanapotaka kumla mwenzao?

Mimi nilimtazama mwalimu. Alikuwa kwenye benchi la mbele, miguu pamoja. Nilisubiri asimame. Nilisubiri kwa uhakika kabisa, kwa sababu ndiye aliyenifundisha, Ijumaa, kwa chaki, tofauti ya anayelaumiwa na anayestahili.

Bibi naye alimtazama. "Mwalimu," akamwita taratibu, "una neno?"

Mwalimu akatazama chini. "Bibi," akasema, "tumwachie Mungu."

Nilivuta pumzi niseme. Jirani yetu, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanibana paja kwa kucha mpaka nikatoa machozi. "Nyamaza, mtoto," akasema pembeni ya mdomo. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa nimeona kila kitu, na nilinyamaza. Neno lile la ubaoni linanihusu pia, sikatai.

Bibi hakumtaja. Tulipofika nyumbani nililia nikamuuliza kwa nini, naye akaniambia huku akimbeba mdogo wangu: "Akiondoka mwalimu, nani atawasomesha? Mimi sina cha kupoteza." Huo ulikuwa uongo, na nadhani alijua. Alipoteza kila kitu. Alikatazwa kusogelea birika. Wazazi hawakumwita tena kumshika mtoto aliyezaliwa. Kanisani alikaa benchi peke yake, na wakati wa kuungama nilimwona akijipiga kifua, na mwenyekiti akijipiga, na mwalimu akijipiga, wote kwa sauti moja. Mwanamke aliyelilinda lile birika miaka yote akawa anashuka bondeni na ndoo, kwa magoti yale, na mimi nyuma yake. Njia ile ina mawe yanayoteleza. Alikuwa akipumzika mara nne kupanda, kila mara akijifanya anaokota kuni. Nilifaulu kwenda sekondari, kwa Kiingereza cha mwalimu, na nilikuwa kidato cha pili alipoketi kupumzika asiinuke tena. Walimkuta ameketi njiani, ndoo imesimama wima kando yake, haijamwagika.

Miaka yote hii nimedhani siri ile ilikuwa yangu na mwalimu tu. Nimekuwa karani wa mahakama, nimeona watu wengi wakilaumiwa, na kila mara nilijifariji kwamba kijiji changu kilikosea kwa kutojua. Walidanganyika, nilisema. Laiti wangejua.

Siku ya mazishi, baada ya kuzika, nilikwenda nyuma kuosha vyombo na wanawake. Jirani yule bado yu hai, amekonda, meno machache. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza kusugua masufuria ya pilau kwa majivu. Yule kijana wa bodaboda na birika lake hakuwa ameniondoka moyoni, na ule wasifu nao. Nikamwambia. Baada ya miaka yote, kwa mara ya kwanza, nilisema kwa mdomo wangu: "Mama, ufunguo ulikuwa kwa mwalimu. Ni yeye aliyegeuza mfereji. Nilimwona."

Hakuacha kusugua. "Tunajua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Alipita kwangu asubuhi ya siku ile ya mvua, na ufunguo shingoni," akasema. "Mwenyekiti aliuona. Wazee wa kanisa waliuona. Hata huyo Tajiri. Tulijua wote, mwanangu, kabla mkutano haujaitwa."

"Mbona hamkusema?" Sauti yangu ilipanda, wanawake wakageuka.

Alisuuza sufuria, akaifudikiza, akaniangalia bila aibu, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu rahisi. "Tungemsema mwalimu, angehama. Tungesema salfa, Tajiri angeondoka na lori lake. Bibi yako je? Angekwenda wapi?"

Nilisimama nikaacha vyombo. Kosa la kutojua ningelisamehe. Hili sijui nilifanye nini. Mwalimu alihamishwa Tandahimba miaka miwili tu baada ya mkutano ule, akarudi kwetu ndani ya sanduku. Tajiri alipata mikorosho mingine mbele zaidi, hatukumwona tena. Birika lilipasuka mikononi mwa kamati iliyopewa ufunguo baada yake, hakuna mtoto anayejua kuonja mvua kwa kiganja, na uji wa shule umebaki kwenye hadithi zetu. Kila walichotaka kukiokoa kwa mgongo wake kimeondoka. Nilikwenda nyuma ya kanisa, nikang'oa majani kwenye kaburi la Bibi kwa mikono mitupu mpaka basi likapiga honi.